Mwalimu Gelasius Venant na Kijiji Kilichosema Hakijui

Baba Padri, ndugu mwenyekiti, wazee wetu, wakwe na shemeji zetu, na nyie nyote mlioacha mpunga uwanjani kuja kumsindikiza ndugu yetu: mimi ni Natalia, mtoto wa Marsela, dada yake marehemu. Familia imenipa kazi ya kusoma habari za maisha ya mjomba. Nimeambiwa nisirefushe. Nitajitahidi, ila mlimjua wenyewe. Mambo yake yalikuwa hayasemeki kwa haraka.

Marehemu Mwalimu Gelasius Venant alizaliwa tarehe 11 Machi 1935 hapa hapa Mpimbwe, upande huu wa Kibaoni. Alikuwa mtoto wa tatu wa mzee Venant, mkulima wa mpunga, aliyetangulia mwaka 1961, na mama Pelagia, ambaye tunaye hapa mbele. Bibi anasema mtoto huyu alichelewa sana kusema, mpaka watu wakaanza kumwonea huruma, na siku alipofungua kinywa alisema "kwa nini" kwa Kipimbwe. Mjomba Gaspar, kaka yake, anasema hiyo bibi ameitunga. Bibi anasema hakuitunga. Tumeiacha hivyo.

Alianza shule ya misheni mwaka 1943. Katekista aliyewafundisha alikuwa mtu mpole, lakini siku moja alipofika mahali pa uumbaji, Gelasius alinyoosha mkono akauliza: "Kabla Mungu hajaumba mahali, alikuwa amekaa wapi?" Darasa likacheka. Katekista akamtuma akateke maji mtoni Kavuu, akidhani swali litaishia huko. Mtoto alikwenda, akajaza ndoo, akairudisha, akaiweka chini, akasimama palepale mbele ya katekista akisubiri jibu. Wazee waliosoma naye wanasema alisimama hivyo mpaka kengele.

Alipofaulu alipelekwa seminari ndogo, na mwaka 1956 akaingia Seminari Kuu ya Kipalapala, karibu na Tabora. Huko ndiko alikokutana na falsafa. Kwa wale mtakaouliza falsafa ni kitu gani, nitasema kama yeye alivyotuambia sisi wapwa wake wakati wa likizo, tukiwa tunapura mpunga. Alisema ni somo la maswali ambayo hata ukiyapima kwa rula au kwa mizani hayapungui. Kuna mantiki, yaani namna ya kujua kama neno hili kweli linatokana na lile, au limesogezwa tu karibu nalo. Kuna maadili, yaani tufanye nini, na kwa nini hilo na si lingine. Kuna swali la vitu vyenyewe: kuwapo ni nini, na kitu kikibadilika kinabakije kuwa kilekile. Halafu kuna lile alilolipenda kuliko yote, swali la kujua. Unasema unajua. Umejuaje?

Walifundishwa kwa Kilatini, na walifundishwa kwamba mambo mengi yalikwisha kujibiwa zamani. Marehemu aliheshimu majibu yale. Lakini aliona kwamba kila kitabu kilitaja wapinzani kwa mistari michache na kuwaangusha mara moja, na yeye akawa anataka kuwasikia wapinzani wenyewe wakijitetea. Mwaka 1958 aliomba ruhusa ya kuacha njia ya upadri. Hakufukuzwa, na hakugombana na mtu; nalisema hili wazi kwa sababu maneno yamesemwa. Mlezi wake alimbariki akamwambia: "Nenda, lakini usiache kusali." Hakuacha.

Alifundisha shule ya kati kule Karema kuanzia 1959 hadi 1965, ndipo akapata nafasi ya kusoma falsafa katika chuo kikuu kimoja cha Ubelgiji. Alikaa huko mpaka mwaka 1969. Aliporudi tulimzunguka tukitaka habari za theluji na treni za umeme. Theluji aliimaliza kwa sentensi moja. Habari zilizomkaa moyoni zilikuwa za watu wanaobishana. Alisema kule Ulaya wanafalsafa wamegawanyika kambi mbili. Upande mmoja wanauliza neno lina maana gani, upande wa pili wanauliza kuishi kuna maana gani, na kila kambi inaamini ile nyingine inapoteza muda. Yeye alihudhuria kote kuwili. Aliishi chumba kimoja na Mhindi, na kutoka kwake akajua kwamba Wahindi walikuwa na shule zao za mabishano tangu kale, zenye sheria za nani anapaswa kuthibitisha nini. Alisoma Wagiriki, akasoma Waarabu waliowatunza Wagiriki na kuwakosoa, akasoma Wachina waliouliza mtu anakuwaje mtu mbele ya wazazi wake na mbele ya mtawala wake. Mama yangu alimuuliza: "Sasa katika hao wote, nani amepata?" Mjomba alifikiri sana, akasema: "Dada, hilo ndilo lililonirudisha nyumbani. Nataka nione watu wa huku watasemaje."

Walimtaka Dar es Salaam akawe mkufunzi. Ilikuwa mwaka 1970, mwaka wa elimu ya watu wazima, naye akaomba apangiwe Mpanda. Alifanya kazi Mwamkulu, akafanya kazi Ugalla kwa wafuga nyuki, na mwaka 1973 akaletwa huku kwetu kuratibu elimu ya watu wazima katika Mpimbwe. Kusoma na kuandika alifundisha kama alivyoagizwa, na wengi wenu mnaosoma karatasi hii ya ibada mlijifunzia kwake. Lakini kila Alhamisi mchana, mashine ya kukoboa ikizimwa, alikaa na watu bandani mle mle, kwenye harufu ya pumba, wakafanya alichokiita darasa la kuuliza.

Swali la kwanza kabisa nililolisikia pale lilikuwa hili: kiangazi Kavuu inabaki madimbwi tu, viboko wamebanana kwenye tope. Je, mto bado upo? Mtu mmoja alisema haupo, mto ni maji. Mwingine akasema upo, mto ni njia ya maji. Akina mama wakauliza, basi mbona mvua ikija mto unahama njia na bado tunauita Kavuu? Walibishana mpaka wakaja kuitwa majumbani. Aliyepita nje alidhani watu wanagombania shamba. Mgeni mmoja kutoka chuo kikuu, aliyekuwa akikusanya fikra za Kiafrika, alimuuliza mjomba falsafa ya Wapimbwe ni ipi. Mjomba akamjibu: "Mila zetu nitakueleza leo jioni. Kama unataka falsafa, ngoja Alhamisi, uone tunavyozibishia."

Sasa nifike mwaka 1975, maana hamtanielewa nikiuruka.

Mnakumbuka tulivyohamishiwa kwenye kijiji kimoja, nyumba zikapangwa mistari, na ndugu zetu Wasukuma waliokuja na ng'ombe zao wakapangiwa upande wa juu. Tulikuwa hatujazoeana. Masika yale watoto walianza kuugua na kufa, na Melkior, ambaye mnamfahamu, alipoteza watoto wake wawili. Mjane mmoja wa upande wa juu, Nyanzala, aliyekuwa akiishi kwa kaka yake Masalu, alikuwa amewapelekea watoto wale maziwa ya mgando walipoanza homa. Maneno yakaenea kwamba maziwa yale yalikuwa na kitu.

Jumamosi tarehe 8 Februari mkutano ukaitishwa. Hoja ilikuwa moja tu: nyumba ya Masalu iondoke kabla jua halijazama. Vijana walikuwa wamekuja na fimbo. Mwenyekiti, ndugu Stanslaus, alikuwa anajaribu kuwatuliza na hawasikii. Marehemu akaomba kusema.

"Mimi sijui kilichowaua watoto," alisema. "Nimesimama kuuliza kama kuna anayejua."

Wakapiga kelele kwamba wote wanajua.

"Vizuri. Nani mwingine alikunywa maziwa yale?"

Mama mmoja akasema watoto wake walikunywa. Walikuwa wazima, mmoja yupo mgongoni mwake. Mwingine akasema na yeye alikunywa.

"Na nani amefiwa na mtoto ambaye hakuyaonja?"

Mikono ikanyooka. Si mingi, lakini ilinyooka.

Hapo akamgeukia Nyanzala mwenyewe. "Na wewe. Unajuaje kwamba maziwa yako hayakuwa na ubaya?"

Watu walishangaa, maana walidhani anamtetea. Nyanzala alimtazama kwa hasira. "Sijui," alisema. "Nilikunywa na mimi. Ningejua yana kitu, ningekunywa?"

Ndipo Melkior akasimama. Alisema: "Mwalimu, wewe watoto wako wamekufa? Hujazaa hata mmoja. Hujui kitu."

"Kweli, uchungu wako siujui," marehemu akajibu. "Lakini kuumia ni jambo moja, na kujua ni jambo jingine."

Hakuna aliyepiga makofi. Mwenyekiti akauliza basi azimio ni lipi, watu hawawezi kutawanyika bila azimio. Marehemu akasema: "Azimio ni kwamba kijiji hakijui. Na kama hakijui, hakimfukuzi mtu." Walibishana tena mpaka mawingu yakafunga, lakini fimbo zilikuwa zimeshawekwa chini, na mwisho ndugu Stanslaus alitangaza hivyo hivyo kwa sauti kubwa, kwamba kijiji hakijui. Nyumba ya Masalu ikabaki. Mganga wa zahanati alipopita baadaye alisema huenda ilikuwa surua. Naye alisema huenda.

Baada ya siku ile Melkior aliacha kumsalimia. Ingekuwa rahisi kwa marehemu kujiona ameshinda, lakini hakuona hivyo. Alimwambia mama yangu: "Nilichosema kilikuwa sahihi, na nilikisema kwa mtu aliyekuwa anavuja damu. Sijui kama usahihi unatosha." Akawa anakwenda kwa Melkior, anakaa kwenye benchi la nje, hapewi hata maji, anaondoka. Akarudi tena, na tena. Mwisho wa mavuno Melkior mwenyewe alikuja darasa la Alhamisi, akasimama mlangoni, akasema: "Mwalimu, nyie mliosoma mnasema kila kitu kina sababu. Nikiijua sababu ya watoto wangu, itanisaidia nini?"

Mjomba alisogea, akampa nafasi kwenye gunia. "Hilo swali la mwisho ni gumu kuliko yote uliyonisikia nikiuliza," alisema. "Kaa. Mimi sina jibu lake. Hebu tuambie kwanza hao watoto walikuwaje."

Siku hiyo hakuna aliyefundisha mantiki. Melkior aliongea, watu wakasikiliza, na wengine wakawataja wa kwao.

Nyanzala naye alikuja, kwa sababu nyingine. Alikuja kugomba. "Siku ile uliniuliza mbele ya watu kama mchawi," alimwambia. Marehemu akasema: "Ningekuacha wewe peke yako bila kukuuliza, wasingeamini kwamba nauliza." Nyanzala akasema hilo analielewa, lakini kulielewa hakumwondolei hasira. Mjomba akakiri kwamba hilo nalo ni kweli. Wiki iliyofuata akaja tena kumaliza ugomvi. Haukuisha. Waliendelea kugombana mpaka majirani wakaanza kutabasamu.

Alipokwenda kumposa Nyanzala, shemeji yetu Masalu alimuuliza: "Una ng'ombe?"

"Sina."

"Una nini?"

"Nina maswali."

"Hayo," alisema shemeji, "tunayo ya kutosha tangu ulipofika."

Ukoo ulichangishana, ng'ombe wakapatikana, na tarehe 24 Julai 1976 walifunga ndoa kanisani, Nyanzala akiwa amebatizwa kwa jina la Hana. Ilikuwa mara ya kwanza upande wa juu na upande wa chini kula sahani moja, na ngoma za Kisukuma zilipigwa kwenye uwanja wetu mpaka bibi Pelagia akacheza. Tarehe 2 Oktoba 1977 Mungu aliwajalia binti, Matilda. Marehemu, aliyezungumza na wasomi wa mataifa, aliniambia hajawahi kukutana na mtu mgumu kumwelewa kama mtoto wa miezi sita. "Anajua kitu," alisema, "ila hajasema anakijuaje."

Septemba 1978 alirudi Ugalla kuwatembelea wafuga nyuki aliowafundisha zamani, na mbung'o wa kule walimuuma. Homa ilianza mwezi uliofuata. Tulidhani ni malaria. Halafu akaanza kusinzia mchana, katikati ya mazungumzo, yeye ambaye hakuwahi kukubali mazungumzo yaishe. Hospitali ya Mpanda waligundua kuwa ni malale. Mwaka ule wa vita magari yalikuwa ya shida, lakini treni ilikuwepo, na mkewe Nyanzala, tunayemwita shangazi, alimsindikiza mpaka Tabora kwa matibabu. Alipata nafuu, akarudi, kisha ugonjwa ukamrudia kwa nguvu zaidi.

Hata hapo hakuacha. Vitabu vyake vilibishana kwa karne nyingi kama roho na mwili ni vitu viwili au kimoja, na yeye sasa alikuwa analitazama jambo hilo kutoka ndani. Alimuuliza mkewe: "Ninaposinzia hivi, anayelala ni mimi, au ni ugonjwa?"

"Anayelala sijui," alisema shangazi. "Anayekoroma ni wewe."

Alicheka mpaka akakohoa. Siku nyingine nilimkuta ameketi juani, ametulia, akaniambia kwamba asubuhi ile alikuwa amekasirika bila sababu, na hasira ilikuja kama mgeni aliyepewa ufunguo wa nyumba. "Kumbe mimi ni mwili zaidi kuliko nilivyofundisha," alisema. "Lakini nani huyo anayeishangaa hiyo hasira, Natalia?" Nilimwambia sijui. Akasema, "Na mimi. Lakini ni jambo la ajabu sana. Nasikitika tu kwamba siwezi kuliandika." Mkono wake ulikuwa umeshaanza kutetemeka.

Kuelekea mwisho lugha zilimwacha moja baada ya nyingine. Kilatini kilikwenda, Kifaransa kikaenda, kisha Kiswahili. Alibaki na Kipimbwe peke yake, na shangazi, ambaye Kipimbwe chake ni cha sokoni, ikabidi atafsiriwe na bibi maneno ya mume wake mwenyewe. Bibi alikaa upande mmoja wa kitanda na shangazi upande mwingine. Sisi tuliokuwepo tunasema wanawake wale wawili walijuana pale kuliko miaka yote ya nyuma.

Nimesikia, na nyie mmesikia, wanaouliza kama Mwalimu alikufa akiwa na imani. Bibi ndiye aliyemuuliza, kabla ugonjwa haujazidi. Alimwambia: "Mwanangu, maisha yako yote umemhoji Mungu. Bado unamwamini?" Akajibu: "Mama, mtu hamuulizi asiyekuwepo." Alipokea mpako wa wagonjwa na Komunyo akiwa na akili zake, na Padri aliyempa yupo hapa.

Marehemu alifariki Alhamisi tarehe 14 Juni 1979, saa nne asubuhi, katika hospitali ya Mpanda, akiwa na umri wa miaka arobaini na minne.

Ameacha mama yake, Pelagia. Mke wake, Nyanzala. Na binti yake, Matilda, ambaye mnamwona pale anachezea mchanga. Ameacha kaka yake, Gaspar, dada yake, Marsela, shemeji yake, Masalu, na ukoo wake wote, sisi wapwa, na watu wengi wa Kibaoni, Mwamkulu na Ugalla aliowashikisha kalamu. Familia inawashukuru wote waliomwuguza, na walioleta gari kutoka Mpanda katika siku hizi za taabu ya mafuta.

Bibi hana nguvu ya kusimama. Ameniomba nifunge kwa maneno aliyomwambia mwanawe jana, jeneza liliposhushwa mlangoni kwake. Aliyasema kwa Kipimbwe, kwa Kiswahili ni haya: "Gelasi, mimi nilikuzaa na sikuweza kukujibu. Nenda kwa Aliyekuumba. Atakujibu taratibu, na wewe umsikilize. Pumzika kwa amani, mwanangu."